Kumdhamini mkimbizi si kumfadhili

Yapo maneno mawili ya Kiswahili ambayo magazeti yetu, redio zetu na hata ofisi za serikali huyatumia kana kwamba ni pacha: ufadhili na udhamini. Timu ya kandanda ikinunuliwa jezi na kampuni fulani, leo tunasoma kwamba imepata mfadhili, kesho kwamba imepata mdhamini. Mwanafunzi maskini akilipiwa karo, mambo ni yayo hayo. Katika habari za kandanda mkanganyiko huu hauna madhara makubwa. Lakini linapozuka suala la wakimbizi, na hasa la makanisa, misikiti na masinagogi yanayoshirikiana kuwapokea, tofauti ya maneno haya mawili ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Fadhila ni wema anaoutenda mtu kwa hiari yake, akatoa sehemu ya kile alicho nacho. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko unabeba maana ya ziada, yaani kile kilichobaki baada ya mwenyewe kutosheka. Mwenye kufadhili hafungwi na ahadi yoyote. Aweza kutoa leo na kuufumba mkono kesho, na hakuna wa kumshtaki. Hata hivyo hungoja shukrani, na asipoipata hulalama. Ndiyo sababu hazina yetu ya methali imejaa manung'uniko ya wafadhili: fadhila ya punda ni mateke, mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Methali hizi hazitwambii lolote juu ya haki za huyo aliyefadhiliwa. Zinatwambia tu kwamba mfadhili hakuridhika.

Dhamana ni jambo jingine kabisa. Mwalimu anayetia sahihi fomu ya mkopo ya mwenzake katika chama cha akiba na mikopo analijua vyema jambo hili, kwani mwenzake asipolipa, mshahara utakaokatwa ni wake. Kadhalika mzazi anayemtolea mwanawe dhamana mahakamani anajua kwamba mtoto akitoroka, yeye ndiye atakayeitwa. Dhamana ina hati, ina kiasi na ina muda. Muda ukiisha, mdhaminiwa huenda zake akiwa mtu huru, wala hadaiwi shukrani ya maisha.

Je, kumpokea mkimbizi ni fadhila au ni dhamana? Kwa muda mrefu dunia imelichukulia kuwa fadhila. Lakini yako mataifa machache ambako waumini wa dini mbalimbali wamekubali kuifanya kazi hii kwa hati na sahihi, na inafaa tuyatazame kwa makini.

Taifa lililotangulia ni Kanada. Sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, iliwaruhusu raia wa kawaida kumleta mkimbizi nchini kwa dhamana yao wenyewe. Kundi la kwanza la kidini kutia sahihi mkataba wa jumla na serikali lilikuwa la Wamenoni, mnamo Machi 1979. Hawa ni Wakristo ambao maelfu ya wazee wao waliihama Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1920 na kupata hifadhi huko huko Kanada, kwa hivyo jambo lenyewe halikuwa geni kwao. Walifuatwa na madhehebu mengine mengi ya Kikristo, na hatimaye na mashirika ya Kiyahudi na ya Kiislamu. Wakati huo maelfu ya watu wa Vietnam, Laos na Kambodia walikuwa wakizihama nchi zao, wengine katika mashua zisizostahili kuitwa mashua. Katika miaka ya 1979 na 1980 Kanada iliwapokea wapatao 60,000 kati yao, na zaidi ya nusu waliingia kwa dhamana ya raia. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa uliwatunukia watu wa Kanada Nishani ya Nansen kwa ajili ya kazi hiyo. Tangu mwaka 1979 hadi leo, walioingia nchini humo kwa njia hii wamepita laki tatu.

Mdhamini hufanya nini hasa? Kikundi kilichotia sahihi huahidi kumtunza mgeni kwa miezi 12 kwa kawaida. Humlipia kodi ya nyumba, humnunulia chakula na nguo za baridi, humwandikishia watoto shuleni, humpeleka hospitalini na kumwonyesha jinsi ya kupanda basi. Miezi hiyo ikiisha, au mgeni akiweza kujitegemea mapema, dhamana imekwisha. Fedha zilizotumika hazidaiwi. Wala mgeni hashurutishwi kuhudhuria ibada ya waliomleta. Wengi wa wale waliotoka Vietnam walikuwa Wabudha, na sheria haikuwataka wawe kitu kingine.

Mfano wa pili unatoka Italia, na kwa maoni yangu ndio wenye mafunzo mengi zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilichojaa wakimbizi kilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, na watu 368 wakafa maji. Tarehe 15 Desemba 2015 Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ni ya Kikatoliki, ilitia sahihi mkataba na serikali ya Italia ikiwa pamoja na Shirikisho la Makanisa ya Kiprotestanti na Kanisa la Wavaldo. Makanisa yangewachagua watu walio hatarini zaidi katika kambi na vitongoji vya Lebanon, yangewalipia nauli ya ndege, na yangewapa makao na mafunzo ya lugha. Serikali ingewakagua na kuwapa viza. Lengo la kwanza lilikuwa watu 1,000 katika miaka miwili. Kigezo kilikuwa udhaifu wa mtu, yaani mgonjwa, mzee, mlemavu, au mama aliyebaki peke yake na watoto. Dini ya mtu haikuwa kigezo. Mwezi Januari 2017 Baraza la Maaskofu Wakatoliki liliingia katika mkataba mwingine wa kuwaleta watu 500 kutoka Ethiopia, wakiwamo Waeritrea, Wasomali na Wasudan Kusini. Mpango huu uliitwa njia za kibinadamu, nao ulituzwa Tuzo ya Nansen ya kanda ya Ulaya mwaka 2019.

Ili kuuelewa uzito wa sahihi hizo ni lazima mtu akumbuke Wavaldo ni akina nani. Ni Wakristo walioteswa kwa karne nyingi na watawala wa Kikatoliki, hata wakalazimika kuishi katika mabonde ya milima ya kaskazini magharibi mwa Italia. Haki za raia walizipata mwaka 1848 tu. Mnamo Juni 2015 Papa Francis alikwenda katika kanisa lao mjini Turin na kuwaomba msamaha kwa niaba ya Kanisa Katoliki. Miezi sita baadaye, aliyetesa na aliyeteswa wakaandika majina yao katika hati moja kwa ajili ya mtu wa tatu, ambaye mara nyingi alikuwa Mwislamu kutoka Siria.

Hapa ndipo ninapotaka kuijenga hoja yangu. Watu husema kwamba dini zishirikiane kwa sababu umoja ni nguvu. Ni kweli. Parokia moja huwa na ukumbi lakini haina daktari. Msikiti huwa na wazee wanaokijua Kiarabu na vyakula halali. Sinagogi huwa na wanasheria. Mwaka wa bajeti wa 2016 kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani lilitoka Kongo, na ghafla mwumini mmoja ajuaye Kiswahili akawa na thamani kubwa kwa kikundi chote. Lakini hiyo ni sababu ya kawaida, nayo ingetosha hata katika kujenga kisima. Iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Dini zinapodhamini pamoja, mkimbizi hulindwa asije akailipa dhamana yake kwa imani yake.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jinsi malipo hayo yalivyo. Wasomaji wa Mombasa wanapajua mahali paitwapo Kengeleni. Hapo, mnamo mwaka 1875, wamishonari Waanglikana walianzisha makao ya Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika biashara ya watumwa. Kazi hiyo iliokoa maisha ya wengi, na kuibeza itakuwa utovu wa adabu. Walakini waliopata hifadhi pale walibatizwa, wakapewa majina mapya, na wakawekwa chini ya kanuni za misheni. Mlango wa hifadhi ulikuwa mmoja, na mwenye mlango alikuwa mmoja. Aliyetaka usalama bila ya ubatizo angekwenda wapi? Hii ndiyo fadhila ninayoizungumzia. Ilikuwa kubwa na ya kweli, lakini ilikuwa na bei, na bei yenyewe haikuandikwa popote ili mtu apate kuikataa.

Mkatoliki na Mvaldo wanapoketi meza moja, hakuna awezaye kumnong'oneza mgeni kwamba chakula cha kesho kitategemea ibada ya Jumapili, kwa kuwa mwenzake anasikia. Kila mmoja ni shahidi wa mwingine. Hakuna haja ya kudhani kwamba watu hawa ni wema kuliko wamishonari wa kale. Mpangilio wenyewe ndio unaowazuia. Nadhani hata Mtume Muhammad alilitambua jambo hili alipowaelekeza wafuasi wake wa mwanzo, waliokuwa wakiteswa Makka, wakimbilie Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo. Mfalme huyo alikataa kuwarudisha kwa maadui zao, na hakuwataka waiache dini yao kama bei ya kukaa.

Dhamana ya kweli, hata hivyo, humgharimu mdhamini. Shirika la Kiyahudi la HIAS lilizaliwa mjini New York ili kuwasaidia Wayahudi waliokuwa wakizikimbia ghasia za Urusi. Miaka ilipopita lilianza kuwahudumia watu wa kila dini, na hata hapa Nairobi limewahudumia wakimbizi kwa miaka mingi. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi mjini Pittsburgh, akawaua waumini 11. Alikuwa ameandika waziwazi kwamba alilichukia shirika la HIAS kwa kuwaleta wageni Marekani. Siku chache baadaye, Waislamu wa nchi hiyo walikuwa wamechanga zaidi ya dola laki mbili kwa ajili ya familia za waliouawa na waliojeruhiwa.

Bei nyingine ni ya kisiasa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi. Pamoja nao ulianguka mpango wa mwaka 2023 uliowaruhusu raia kudhamini wakimbizi kwa mtindo unaofanana na ule wa Kanada. Watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa safari za ndege, wakiwamo waliokuwa hapa Kenya, wakiwa wameuza vitanda na sufuria zao, waliambiwa wakae. Mwezi uliofuata HIAS, pamoja na Church World Service na shirika moja la Kilutheri, yaani Wayahudi na Wakristo, waliishtaki serikali yao mahakamani mjini Seattle. Mfadhili hafanyi hivyo. Mfadhili akizuiwa kutoa, husikitika na kurudi nyumbani. Anayekwenda mahakamani ni yule aliyetia sahihi na anayejua kwamba jina lake limo hatarini.

Sitaki nionekane kama ninayeupamba udhamini. Kasoro zake ni nyingi. Kwanza, wanaonufaika ni wachache mno. Katika kila wakimbizi 100 duniani, hata mmoja hapati nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka, iwe ni kwa dhamana ya raia au ya serikali. Pili, serikali zinaweza kuutumia wema wa waumini kuukwepa wajibu wao. Ndiyo sababu watetezi wa mpango wa Kanada husisitiza daima kwamba wanaodhaminiwa na raia wawe nyongeza juu ya wale wa serikali, wala wasiwe badala yao. Tatu, palipo na ruhusa ya kumtaja kwa jina yule unayetaka kumdhamini, mwenye ndugu ng'ambo hutangulia na asiye na ndugu hubaki kambini. Nne, wako wadhamini wanaojisahau wakawa mabwana, wakataka kujua mgeni amenunua nini na kwa nini. Na hata hati yaweza kukwama: mnamo Novemba 2024 Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya raia watano watano, kwa kuwa yaliyotangulia yalikuwa yamerundikana.

Tena upo upendeleo wa wazi. Agosti 2015 serikali ya Slovakia ilisema itawapokea Wasiria 200 tu, nao wawe Wakristo, kwa hoja kwamba nchi haina misikiti. Huo ni mfano bora wa fadhila iliyovaa kanzu ya dhamana. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Papa Francis alirejea Roma kutoka kisiwa cha Lesbos akiwa na Wasiria 12 katika ndege yake, wote Waislamu. Waliokabidhiwa kuwatunza ni wale wale wa Sant'Egidio.

Sasa turudi kwetu, maana mimi si mwandishi wa habari za Ulaya. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki nane. Dadaab ilianza mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992. Mashirika ya dini hayakukosekana huko. Walutheri na Wajesuiti wako Kakuma tangu miaka ya tisini, Baraza la Kitaifa la Makanisa nalo limejenga nyumba na kutoa huduma, na Islamic Relief imehudumu Dadaab. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo imesimama juu ya fedha za ng'ambo, yaani juu ya fadhila. Mwaka 2025 wafadhili walipoufumba mkono, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika kupunguza sana mgao wa chakula, na watu wa Kakuma wakaandamana. Hawakuwa na hati ya kumwonyesha yeyote. Hivi ndivyo fadhila ilivyo: huisha bila ya mtu yeyote kuvunja ahadi.

Milango ya nje inapofungwa, swali la dhamana linabisha hodi nyumbani. Tunayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Tunao pia Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 kwa nia ya kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kutumia huduma kwa pamoja. Ninapenda jina hilo. Siku hizi neno shirika latukumbusha bango na gari jeupe, ilhali maana yake ya awali ni kule kushiriki, watu kuwa na fungu katika jambo moja. Basi pendekezo langu ni hili. Kanisa na msikiti wa mtaa mmoja, Garissa, Lodwar au Nairobi, wadhamini kwa hati moja familia moja kwa mwaka mmoja: kodi ya nyumba, shule ya watoto, leseni ya biashara ndogo. Serikali iitambue hati hiyo. Mwaka ukiisha, familia isimame yenyewe na kikundi kidhamini nyingine. Atakayesema kwamba dini zetu haziwezi kuketi pamoja na akumbuke Ufungamano wa mwaka 1999, wakati Wakristo, Waislamu na Wahindu walipoungana kudai katiba ya wananchi. Kama tuliweza kuidhamini katiba, familia moja haitatushinda.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu nina mfano ulio karibu nao zaidi. Tangu mwaka 1978 shirika la World University Service of Canada, ambalo si la dini, limekuwa likiwadhamini vijana wakimbizi wakasome katika vyuo vya Kanada. Sehemu kubwa ya gharama hutoka kwa wanafunzi wenyewe wa vyuo hivyo, kila mmoja akikatwa kiasi kidogo katika ada zake. Wengi wa waliochukuliwa walifanya mtihani wa KCSE hapa kwetu, Dadaab na Kakuma, wakasahihishiwa na walimu wetu. Mwanafunzi wa Kanada amemdhamini kijana aliyefunzwa kwa silabasi ya Kenya. Je, vyama vya wanafunzi wa Kikristo na wa Kiislamu katika vyuo vyetu, ambavyo kila kimoja kina ratiba yake na ukumbi wake, haviwezi kuchangisha pamoja shilingi za kumlipia mmoja tu?

Nimalizie kwa neno lenyewe, mkimbizi. Walimu wa sarufi wanajua kwamba neno hili limeundwa kwa mtindo wa mlezi, mchukuzi na mnunuzi, majina yanayomtaja mtu kwa kitendo chake. Mlezi hulea, mchukuzi huchukua. Lakini kijana aliyezaliwa Dadaab mwaka 2001 hakumkimbia yeyote. Aliyekimbia ni mamake, mara moja, miaka mingi iliyopita. Lugha imempa mtoto kazi asiyoifanya, nasi tumemwacha nayo. Fadhila haiwezi kumwondolea jina hilo, kwani humlisha leo ili kesho awe vile vile alivyokuwa jana. Dhamana inaweza, kwa sababu ina tarehe ya mwisho, na siku hiyo ikifika ataitwa kwa kazi aifanyayo: fundi, mwalimu, muuzaji. Walimu wa Kiswahili wanapoifundisha ngeli ya kwanza na wawaulize wanafunzi wao swali hili, halafu wawaache wajadiliane.